Mdudu wa Koti Fupi

Bibi alidhani anasaidia. Mjukuu wake, mtafiti wa wadudu, alikuwa amekuja kukagua kile kipande cha msitu nyuma ya nyumba, naye bibi hakutaka mgeni wake akanyage uchafu. Basi asubuhi, mjukuu akiwa bado anaoga, bibi akashika ufagio akafagia chini ya miti mpaka udongo ukabaki mtupu.

Mjukuu kufika na vikopo vyake, akashika kichwa.

"Bibi! Majani yako wapi?"

"Nimekufagilia, mke mwenzangu. Au wewe unapenda uchafu?"

"Uchafu huo ndio nyumba yake!"

Akamweleza. Alikuwa anatafuta mdudu mweusi, mwembamba, mabawa mafupi kama mtu mzima aliyevaa koti la mtoto. Akiguswa huinua mkia kama nge. Huishi kwenye majani yanayooza, penye kivuli na unyevu. Mpaka sasa alikuwa ameonekana kwenye msitu wa ng'ambo ya mto tu. Akipatikana na huku, barabara mpya iliyopangwa kupita hapa itapitishwa pembeni. Asipopatikana, miti yote chini. Na jibu linatakiwa kesho.

Bibi akakaa kitako. Miti ile alizaliwa akaikuta.

"Kumbe nimeikata kwa ufagio," akasema.

"Majani umeyapeleka wapi?"

"Shimoni, nyuma ya jiko. Nimeyatia moto."

Mjukuu alikwisha toka mbio. Bibi akamfuata, ndala moja mguuni, nyingine ameiacha hukohuko.

Moto ulikuwa umelamba ya juu tu. Ya chini yalikuwa yamelowa chapachapa, yakaukatalia. Mjukuu akayachambua juu ya kitambaa cheupe. Konokono. Jongoo. Siafu mmoja mwenye hasira zake. Bibi amebana pumzi. Mara kitu cheusi kikachomoka, kikasimama, kikainua mkia.

"Huyo!" bibi akapiga kelele. "Koti fupi huyo!"

Mjukuu akamtazama kwa kioo cha kukuzia, akamgeuza, akamtazama tena. Akaanza kucheka.

"Ndiye. Ila nataka nimkute nyumbani kwake pia. Lile gogo bovu kule msituni, umefagia chini yake?"

"Kwa mgongo gani?"

Wakalibingirisha pamoja. Chini yake palikuwa na unyevu na giza, na mikia midogo ikainuka huku na huku, kama imekasirishwa na wageni.

Bibi akashusha pumzi ndefu. Kisha akaenda kuchukua kapu, akaanza kuyarudisha majani msituni, akiyamwaga kwa mikono yake mwenyewe.

"Tandaza vizuri, bibi," mjukuu akamtania. "Pale umeacha pasafi."