Kasi ya Kidhibiti

Mwaka 1993, watu wa asili ya jimbo la Kasai walipokuwa wakifukuzwa mji wa Kolwezi, mkurugenzi wa kiwanda cha shaba alimwita Mwamba, fundi msaidizi, ofisini. Alitaka kujua kama ataweza kuiendesha peke yake ile mashine ya kugeuza umeme wa gridi uwe umeme wa kwenda upande mmoja, ule unaotandaza shaba kwenye mabeseni. Kama hawezi, fundi mkuu Badibanga, mtu wa Kasai, angebakizwa na kulindwa. Mwamba alijibu anaweza.

Katika karakana yao mtu hasemi "siwezi" mbele ya wakubwa. Ni kumwaibisha aliyemfundisha. Badibanga mwenyewe ndiye aliyemfunza hivyo kwa miaka kumi na miwili. Lakini tusimtetee Mwamba kupita kiasi. Kiti cha fundi mkuu alikuwa amekitamani siku nyingi.

Badibanga akaondolewa kazini, na wiki ya pili mambo yakaharibika. Kazi ilikuwa imeporomoka, nusu ya mabeseni yamefungwa, na umeme ukaanza kupanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Mwamba aligusa hiki na kile mpaka vali nne za mashine, zile zinazougeuza umeme, zikaungua. Asubuhi akameza aibu yake, akaenda stesheni.

Badibanga alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, kati ya mamia ya familia zilizongoja treni ya Kasai. Aliposikia habari za mashine, uso ukamchangamka. Akachana mfuko wa saruji, akachora mstari unaopanda na kushuka, akaeleza kwamba mabeseni yakipungua, kidhibiti, kile kinachosawazisha umeme wa mashine, kinakuwa na haraka mno: umeme ukizidi kidogo kinaukandamiza kupita kiasi, kisha kinaurudisha juu kupita kiasi. Dawa ni kukipunguzia kasi. Akaanza kupiga hesabu.

Mwamba hakuweza kuvumilia tena. Akamwambia yote: ofisi, swali, jibu lake.

Penseli ikasimama.

"Ulijua kama ukisema hapana, mi ningebaki?"

"Nilijua, tata," Mwamba akasema, akimwita baba kama siku zote.

Mwamba alingoja kutukanwa, na kwa kweli alitamani atukanwe. Badala yake mzee akamaliza hesabu, akaizungushia duara namba ya mwisho, akamkabidhi karatasi bila kumwangalia. Mwamba alisema atarudi kwa mkurugenzi siku hiyohiyo, akiri uongo wake. Badibanga akajibu kwamba nyumba yao ya mtaa wa Dilala imeshavunjwa mlango na watu wengine wamehamia; hakuna pa kurudi.

Hapo Tshibola, mke wa Badibanga, akatokea na sufuria. Hakuwa amesikia kitu. Bukari, ugali wao, ilikuwa ndogo, na watoto watano walikuwa wakiitazama. Akamuuliza mumewe kama mgeni naye atakula.

"Umupatie," Badibanga akasema. "Ni mwanafunzi wangu."

Mwamba akanawa mikono, akala, huku watoto watano wakitazama kila tonge.