Kibwagizo cha Mlango wa Nyuma

Tangu asubuhi alikuwa ameshona kola mia mbili na kumi, na chini ya vitambaa chakavu, karibu na goti lake, simu ilikuwa ikirekodi. Wenzake walimwita Kola, kwani kwa miaka sita hakushona kitu kingine katika sare za kiwanda kile. Kuonekana na simu kulitosha mtu kufukuzwa. Na msimamizi wa chumba, aliyepita nyuma ya viti huku mikono ameifunga mgongoni, alikuwa mume wake hadi miezi minne iliyopita.

Lakini wimbo aliokuwa akiutunga ulitaka mdundo. Fundi wa studio alimwambia wazi: "Ngoma za kompyuta zinalia kama ndoo, dada. Huu ni wimbo wa kizamani, wa mwanamke anayemwacha mtu huku anajipaka wanja. Niletee mlio wa cherehani zenu."

Cherehani ya Kola ilikuwa imelegea gurudumu. Kila baada ya mishono saba ilichechemea kidogo, kisha ikaendelea. Wanawake themanini waliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha jirani.

Saa nane, kazi ya Jumamosi ilipokwisha, yeye na wifi yake, mshona vifungo wa chumba kilekile, walikwenda studio. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kutengeneza redio, magodoro yamepigiliwa ukutani, kipaza sauti kimoja katikati. Fundi alirekodi kwa mtindo wa zamani: mwimbaji mbele, mwitikiaji hatua tatu nyuma, wote kwa mkupuo mmoja. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo.

"Yaani dada wa mwanamume ndiye anaitikia?" fundi aliuliza akicheka.

"Damu nzito kuliko maji," wifi alijibu, "ila huyu hata mimi kanichosha. Washa mitambo."

Kola akashika kiuno, akaimba:

Uliapa ukiniacha nitakonda kama sindano,
Mbona gauni lanibana, na usingizi ni mnono?
Chukua kofia na kitana, kabati lipate pumzi—

"Mrudishe kwao!" wifi aliitikia, kisha akasimama ghafla. "Ngoja kwanza! Kwao si ndiko kwetu? Simtaki! Kitanda chenyewe kimoja!"

Walicheka hadi fundi akajifuta machozi. Kibwagizo kikabadilishwa: "Mwache njiani!"

Ndipo fundi akaunganisha mlio wa cherehani, akapandisha sauti. Mdundo ulikaa mahali pake kana kwamba kiwanda kilijengwa kwa ajili ya wimbo huo. Lakini mwishoni mwa ubeti, katika nafasi iliyoachwa tupu kabla ya kibwagizo, ikasikika sauti ya mwanamume.

"Tia kufuli mlango wa nyuma. Hatoki mtu mpaka oda iishe."

"Na moto ukizuka, bosi?" Huyo alikuwa mlinzi.

"Moto una adabu zake. Utapiga hodi mbele."

Kikafuata kicheko. Mle studio hakuna aliyecheka. Mabati ya paa yalikuwa yakilia kwa joto.

"Naifuta," fundi alisema. "Dakika moja tu."

"Usiguse."

Miezi mitano nyuma, Kola alikwenda ofisi ya idara ya kazi kueleza habari za mlango ule. Karani alimsikiliza huku akisafisha miwani, kisha akamwonyesha nakala ya cheti cha ukaguzi: milango yote wazi. "Maneno hayapigwi mhuri, mama," alisema. "Lete ushahidi." Jioni ileile, mezani, mumewe akamwuliza alifuata nini ofisini. Ndoa yao ilianza kufa pale, kabla sahani hazijaondolewa.

Wifi alikuwa bado anaitazama spika. "Ni kaka," alisema taratibu.

"Ndiye. Sauti yake ikibaki, ataaibika mbele ya watu. Na mimi cherehani yangu itanitaja. Jumatatu sina kazi. Ikifutwa, tuna wimbo mtamu, basi. Sema wewe, wifi. Ni ndugu yako."

"Kiti changu kiko wapi mle kiwandani?" wifi aliuliza.

"Nyuma. Karibu na mlango."

"Miaka mitatu nasikia kufuli likibana, najifanya kiziwi kwa sababu ni kaka." Akarudi hatua zake tatu nyuma. "Fundi, turudi mwanzo. Hapo anapocheka, niachie mimi niitikie."

Jumapili wimbo ulipita kutoka simu hadi simu. Watu waliucheza, wakacheka, kisha wakaurudisha pale katikati, wakasikiliza tena bila kucheka.

Jumatatu asubuhi mlinzi alimzuia Kola getini bila kumtazama usoni. Msimamizi akatoka.

"Umenidhalilisha kwa wimbo."

"Sauti nzuri ni yangu," Kola alijibu. "Maneno ya pale katikati ni yako."

"Nenda. Tuone huo wimbo wako utakupikia nini."

Kola akazunguka ukuta, akashika kichochoro cha nyuma, njia yake ya kurudi nyumbani. Huko akasimama. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, bado haujatiwa kufuli. Wifi alikuwa ameketi kizingitini juu ya kiti chake, sinia la vifungo mapajani, akishona kimyakimya. Ndani, cherehani zilinguruma. Hakuna mwanamke aliyeinua kichwa. Kutoka upande wa mbele zilisikika hatua za viatu vizito zikija, na funguo zikigongana.

"Nenda nyumbani, wifi," alisema bila kuinua macho. "Wewe wameshakumaliza."

Kola akauruka mfereji, akaketi kizingitini kwa upande wa nje, mgongo wake ukiegemea miguu ya kile kiti.

"Nipe sindano," alisema.