Mwalimu Eom Alikufaje

Mwalimu mkuu mstaafu Eom Pan-dol alikuwa wodini, mjini Daegu, kifua kikipanda na kushuka kwa nguvu za mashine. Madaktari walikwisha kuthibitisha kwamba ubongo umekufa. Mwenyewe alijiandikisha zamani kutoa viungo vyake, na kadi aliwaonyesha watu hata harusini.

Muuguzi Ok, aliyesimamia shughuli hiyo, alimgeukia mjane, Bi Tak Mal-sun.

"Pole sana, mama. Picha zinaonyesha damu imevuja kichwani. Ilianzaje?"

Bi Tak alitazama sakafu. Angewezaje kumwaibisha mumewe? "Saratani," akasema. "Ilimpanda kichwani."

Kalamu ya Ok ikasimama. "Iliyosambaa mwilini? Basi hatuchukui kitu, mama. Tutampandikizia mtu saratani."

"Andika homa, basi."

"Ya kuambukiza?"

"Sumu je?"

"Sumu gani?"

"We binti, kwani hakuna kifo cha heshima kinachokubalika hapa?"

Pan-su, mdogo wake marehemu, akashindwa kuvumilia. "Shemeji, sema tu! Kaka alipanda juu ya mtungi wa kabichi ya kimchi akimwiga jogoo, akateleza!"

Bi Tak akafunika uso. Ok akashusha pumzi. "Kuanguka! Kuanguka hakuna neno kabisa. Ila kwa kuwa ni ajali, lazima polisi waridhike."

Polisi akaja, akafungua daftari. "Aliwika mara ngapi?"

"Mbili," akajibu Pan-su, akapanda kigodani kando ya kitanda, akapigapiga viwiko na kuwika.

"Sivyo!" Bi Tak akamaka. "Unamharibia! Shuka." Akavua viatu, akapanda yeye, akainua mguu wa kushoto na kunyoosha shingo. Akawika kwa sauti kali, kama mumewe alivyowawikia wajukuu, mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakachungulia. Alipomaliza machozi yalikuwa yakimtiririka, na Ok akamshika mkono asidondoke.

Polisi akatia sahihi.

Walichukua ini na figo zote mbili. Siku ya tatu ya matanga, waombolezaji wakinywa mchuzi wa nyama, Ok akapiga simu: figo moja ilianza kutoa mkojo huku mgonjwa aliyepandikizwa angali juu ya meza ya upasuaji, ukamrukia daktari.

Bi Tak akacheka mpaka vijiti vya kulia vikamponyoka. Wageni wakatazamana. Akawaambia wanyamaze kidogo, awape habari.