Do ya Mwalimu Ratovo

Kwa miezi kumi na moja Saholy alikula chakula cha mchana saa nane, kimeshapoa, kwa sababu kuanzia saa sita mpaka saa hiyo kanisa lilikuwa tupu na piano ilikuwa yake peke yake.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mtarizi wa vitambaa vya meza pale Antsirabe, mrefu, mwenye mdomo wake, na kwenye kwaya aliimba sauti ya pili tangu usichana bila kupotea hata mstari mmoja. Piano hakufundishwa na mtu. Mpigaji wa mwisho alihamia kwa wanawe Antananarivo, piano ikabaki pale mbele imefunikwa shuka, na Saholy akawaomba wazee wa kanisa wampe ufunguo wa mlango. Binamu yake mmoja alimwambia kwenye simu atafute vibao vyeusi viwili vilivyokaa pamoja, kibao cheupe kilicho kushoto kwao ndicho do. Basi, masomo yakaishia hapo. Akakata vipande vya karatasi, akaandika do, re, mi mpaka mwisho, akavibandika kwa gundi ya unga. Kisha akafungua kitabu cha nyimbo, ambacho kwetu huandikwa kwa do re mi na si kwa vile viluwiluwi vya noti za Wazungu, akaanza.

Wa kwanza kusema alikuwa wifi yake, Perline, ambaye nyumba yake imepakana na kanisa. Wiki ya kwanza alisema kuku wake wamepunguza kutaga. Mwezi wa tatu akauliza, mbele ya watu kisimani, kama huo wimbo una mwisho au ndio tumehukumiwa. Saholy alimwacha. Perline hukosoa hata wali aliopakuliwa ugenini, na mtu kama huyo ukimsikiliza hutaamka kitandani.

Aliyemchoma moyo alikuwa Mwalimu Ratovo. Huyu ndiye aliyeongoza kwaya miaka ishirini na sita, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, hana utani. Mfukoni mwa koti alikuwa na kile kichuma chenye meno mawili cha kutolea sauti. Kabla ya kila wimbo alikigonga gotini, akakiweka sikioni, akafumba macho, halafu akaimba: do. Kwaya nzima ikaipokea do hiyo na kila sauti ikajitafutia pake pa kuanzia. Hakuna aliyeuliza inatoka wapi. Ilitoka kwa Mwalimu, kama ilivyotoka kwa baba yake kabla yake.

Kila mara Saholy alipojaribu kuwafuata kwa piano, Mwalimu alisimamisha wimbo kwa kiganja. Mara ya kwanza alisema hana sikio. Mara ya pili alisema ile mikono ni ya sindano, irudi kwenye sindano. Mara ya tatu alisema tu, tuendelee bila hicho chombo, na hilo liliuma kuliko yote. Jamani, sema basi kosa liko wapi! Ni kidole? Ni mwendo? Nimeruka mstari? Saholy alimuuliza hivyo hivyo, kwa adabu, mara nne, na mara zote nne Mwalimu alijibu kwamba vitu vingine mtu huzaliwa navyo.

Na kilichomchanganya kabisa ni hiki. Akipiga peke yake mchana, wimbo ulitoka wote, sawasawa, mpaka akajisikia kulia. Wakija watu, mstari wa kwanza tu, vurugu, kama vyungu viwili vinagombana. Alijilaumu kwamba anaogopa macho ya watu. Akajaribu kupiga amefumba macho. Akajaribu kupiga polepole, kwa nguvu, kwa upole. Wiki moja aliilaumu kwaya yenyewe, kwamba inapanda juu kila inapofungua mdomo. Nyimbo mbili tu katika kitabu kizima zilikwenda vizuri mbele ya watu, na kwa hizo Mwalimu alisema hata mbuzi angezipiga.

Mwezi wa Mei, parokia moja ya milimani ikaiomba piano. Wazee wakakaa, wakaamua kwamba Jumamosi kabla ya Pentekoste Saholy ajaribiwe mbele ya kwaya. Akiweza, piano ibaki na awe mpigaji. Asipoweza, Jumatatu mkokoteni wa ng'ombe uje kuichukua. Mjini hapakuwa na piano nyingine ambayo mtarizi angeruhusiwa kuigusa. Ikiondoka hiyo, ndiyo mwisho wa kupiga kwake mpaka kufa, na alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Wanakwaya walijifunika mashuka yao mabegani, na mzee wa kanisa aliyeitwa Razaka akaketi benchi la mbele, mikono kwapani. Mwalimu akachagua wimbo wa beti nne ambao Saholy aliujua hata usingizini. Akagonga kichuma chake, akatoa do. Kwaya ikaingia. Saholy akaingia.

Vurugu. Walifika mstari wa pili, kiganja kikapanda.

Mwalimu alimgeukia Razaka, si Saholy, akasema kwamba wenyewe mmesikia, mtu hawezi kulazimisha asichopewa. Razaka akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaanza kunyanyuka. Besi mmoja akakohoa. Saholy alifunga kitabu, akasimama, akafika hata hatua mbili kuelekea mlangoni, na pale ndipo uvumilivu ulipokatika. Alirudi akakaa kwa kishindo.

"Mwalimu," alisema, "nipe do yako."

Mwalimu akamwambia wameshamaliza.

"Mimi sijamaliza. Miaka ishirini na sita naipokea do yako na sijakosea hata siku moja, leo unaniambia sina sikio. Nipe do yako, na usiiache mpaka nikwambie."

Labda Mwalimu alidhani ndiyo njia ya haraka ya kumwondoa. Akatoa do, akaishika. Saholy akabonyeza do yake mwenyewe, ile ya karatasi. Hazikupatana hata kidogo. Akapanda kibao kimoja, vibaya. Kingine, vibaya. Akapanda hivyo, kimoja kimoja, mpaka sauti ya piano na sauti ya mzee zikawa kitu kimoja. Akatazama chini kusoma karatasi. Imeandikwa so.

"Do yako iko kwenye so yangu," alisema.

Akafungua tena kitabu. Juu ya wimbo, pembeni, kwa maandishi madogo ambayo alikuwa ameyaona maisha yake yote kama mtu anavyoona jina la mpiga chapa, imeandikwa: Do ni G. Akafunua ukurasa mwingine. Do ni F. Mwingine, Do ni A. Akazitafuta zile nyimbo mbili ambazo hata mbuzi angezipiga. Do ni C, zote mbili, pale pale alipobandika karatasi ya do.

Msimcheke. Mwimbaji hana haja na herufi ile. Ni ya mtoa do, na mtoa do alikuwa Mwalimu. Kumbe do inahama kila wimbo, na yeye aliibandika mahali pamoja kwa gundi. Miezi kumi na moja alipiga kila kitu sawasawa kabisa, mahali pasipo pake. Saholy alitaka kucheka na alitaka kumtupia mtu kitabu.

"Mwalimu, ulilijua hili?"

Mwalimu akasema kila mtu anajua do inahama.

"Sikuulizi kila mtu. Nakuuliza wewe. Ulisikia kwamba nimekaa mbali na wewe. Ukasema nina mikono ya sindano. Nimekula wali wa baridi miezi kumi na moja, Mwalimu. Neno moja tu lingetosha."

Mwalimu Ratovo alikigeuza kile kichuma mkononi, akakigeuza tena. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo, na wa nyuma ilibidi wainame kusikia.

"Sikuwahi kusogea kuangalia unachofanya," alisema. "Sikutaka kujua. Piano ikitoa do, mimi nitatoa nini?"

Watu wakatazama viatu vyao. Saholy alimhurumia, ndiyo, lakini huruma ilikuja nyuma, hasira ikiwa imeshakaa kwenye kiti. Hakumwambia pole. Alianza kubandua karatasi, moja moja, kwa kucha, na zilizokataa akazikwangua mpaka zikatoka.

"Utatoa do wewe," alisema akiendelea kukwangua. "Mimi nitaitafuta ilipo. Haya, toa."

Mwalimu alisita. Kisha akagonga gotini, akaitoa. Saholy akaipata, safari hii kwa kubonyeza mara mbili tu, akaanza wimbo kutoka pale. Ulikwenda kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alipofika kwenye ti, ile sauti ya saba, kibao cheupe kilimkataa. Akasimama, akasikiliza, akajaribu cheusi kilichokaa jirani yake, kikakubali. Mwalimu aliinua kichwa. Saholy akarudi mwanzo. Mara ya tatu alitoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mwendo wa kinyonga, akiwa na jasho kwenye baridi ile, na sauti ya pili wawili wakaanza kuimba naye taratibu bila kuambiwa.

Alipomaliza, Razaka aliuliza, kama mtu aliyepotea njia, sasa yule mwenye mkokoteni aambiwe nini.

Mwalimu alishuka kwenye kijukwaa chake cha kuongozea kwaya, akatembea mpaka kwenye piano, mahali ambapo hakuwa amefika miezi yote ile, akasimama nyuma ya bega la Saholy. Alitazama vibao, akatazama mikono ile, wala hakusema amepiga vizuri.

"Mkono wa kushoto unachelewa," alisema. "Mstari wa tatu, pale besi inaposhuka. Si penginepo. Ni pale tu."

Halafu akamwambia Razaka, bila kugeuka, kwamba mkokoteni usije.

Saholy alikuwa bado amekasirika, na angebaki hivyo wiki nzima. Akanyoosha kiganja nyuma, akamwomba Mwalimu penseli ya kutia alama pale.