Kinyumenyume hadi Mpwapwa

Gia ya tatu ilichomoka tena, na mara hii haikurudi. Nikiwa nyuma kwenye bodi, kupitia kioo cha kabini nilimwona mwanangu Elieza akiusukuma mkono wa gia kwa kiganja, kisha kwa goti, na chini yetu chuma kikasaga chuma kama mtu anayetafuna changarawe. Pikapu ikasota kidogo, ikasimama. Kichwa cha mkamwana wangu Gladness kilikuwa pajani pangu, juu ya godoro. Hakulia. Tangu tulipopita Gulwe alikuwa akilia, na sasa amenyamaza. Hilo ndilo lililonitisha.

Uchungu ulimshika tangu juzi yake. Mkunga alimpapasa tumbo, akasema mtoto amelala mkingamo, apelekwe Mpwapwa akapasuliwe. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na magari mengine hayakuja. Kwenye pikipiki asingeweza kukaa. Tulikuwa na pikapu ile tu, kuukuu kuliko ndoa yao.

Wiki tatu kabla, fundi wa magari wa Kizota alimwonya Elieza kwamba giaboksi imechoka na inavuja, asiiache ikauke oili hata siku moja. Oili ikamwishia katikati ya kusomba mavuno. Mimi nimekamua alizeti tangu usichana wangu. Nikamletea dumu langu, mkamuo wa kwanza, nikamwambia mafuta ni mafuta. Alilishika akalitazama kitambo. Akasema, "Ahsante, mama," akamimina. Kelele zikapungua, nami nikawatambia majirani kuwa mafundi wa Kizota wananikosa.

Pale barabarani alijaribu gia moja baada ya nyingine. Injini ilinguruma, magurudumu hayakusogea. Ilipoingia rivasi, gari likashtuka nyuma hatua mbili. Elieza akatulia, akiushika usukani kama anayesali.

Wachungaji wawili waliokuwa wakivusha ng'ombe wakatusaidia kuligeuza kwa kulisukuma, tukaelekeza makalio ya gari Mpwapwa. Mmoja akacheka. "Bibi, leo mnakwenda mjini kinyumenyume?" Kisha akachungulia ndani, akamwona Gladness. Akavua shuka yake, akamfunika asichomwe na jua. Alikimbia mbele yetu na fimbo, kifua wazi, akiwaondoa watu na mbuzi njiani, mpaka pumzi zikamwishia. Shuka hakuidai. Mpaka leo sijui jina lake, na ninamwombea hivyo hivyo, bila jina.

Kilomita sita. Elieza alining'inia nusu nje ya mlango, shingo imepinda kututazama, na kila alipoitazama barabara alikuwa anamtazama mkewe pia. Nilitamani nimzibe macho. Nilimpangusa Gladness midomo kwa ncha ya khanga na kumwita jina. Mwanzoni alinibana kidole. Baadaye hakunibana tena.

Hospitalini walimpokea mbio. Sisi tukabaki kwenye benchi. Shingo ya Elieza ilikuwa imekakamaa, haitaki kurudi mbele, nikaanza kumkanda. Nikaona nisipolisema sasa litaniozea ndani.

"Yale mafuta yangu, Elieza. Ndiyo yaliyoua gia."



"Nilijua, mama. Tangu ulipoyaleta."

"Mbona ukayamimina?"

"Ulikuwa umeyabeba kichwani toka nyumbani mpaka shambani," akasema. "Ningekwambia nini?"

Sikuweza kuendelea kumkanda. Nilimlea asinipinge mbele ya watu, nikajivunia malezi hayo kanisani na kisimani. Nimefiwa na wazazi na mume, lakini sijawahi kutamani kutukanwa kama nilivyotamani saa ile.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akauliza ndugu wa Gladness ni nani, tukasimama wote wawili.

"Mama yupo," alisema. "Amechoka sana, lakini yupo."

Tukangoja aseme na la mtoto. Alitutazama, akainamisha macho, akakishika kiwiko changu taratibu, akanirudisha kwenye benchi.