Vifaranga wa Mheshimiwa Meya

Mji wetu wa kando ya mto Danube haujui kufanya jambo dogo. Burgi alipomaliza kulea vifaranga wa samaki kwenye matangi ya chama cha wavuvi, tangu mayai mpaka wakafikia urefu wa kidole, Meya Zehetner aliamua kwamba atawaachia mtoni mwenyewe, kutoka kwenye meli ya watalii, bendi ya tarumbeta ikipiga ukingoni.

Burgi alikwenda ofisini kumsihi. Nilimsindikiza, maana peke yake angeishia mlangoni.

"Mheshimiwa, meli ikipita, maji ya ukingoni yanavutwa, halafu yanarudi kwa kishindo. Vifaranga wanatupwa kwenye changarawe. Wanaobaki hawaoni chakula kwa tope. Tuwaachie kwenye kijito cha miti ya mierebi, meli hazifiki kule."

"Kule kwenye mbu? Na mpiga picha asimame wapi?" Meya alicheka. "Binti yangu, umewadekeza mno. Acha wachangamke kidogo!"

"Watakufa, Mheshimiwa."

"Basi wasife kabla ya hotuba. Lete ndoo gatini saa nne."

Siku ilipofika, meli iligeuka na kugeuka tena mbele ya gati, ili jua limwangukie Meya kwenye shavu lake zuri. Mto ukawa kahawa ya maziwa. Burgi akapanda na ndoo.

"Mbona maji haya yana tope hivi?"

"Ni ya mto, Mheshimiwa. Ndimo watakamoishi."

Meya akachungulia. Akachungulia tena. Kamera zilikuwa zinamtazama.

"Wamenona!" akatangaza, akamwaga.

Makofi yakalipuka. Mke wa mfamasia aliapa kwamba mmoja alimpungia mkia. Daktari wa mifugo, asiyekubali kushindwa, aliona wawili wenye afya njema kabisa. Soseji zilipoanza kuliwa, kila mtu alikuwa ameona kundi zima.

Meli ikapiga honi na kuondoka. Maji yakavutwa kutoka ukingoni, yakarudi kwa kishindo, yakalowesha viatu vya bendi. Kwenye changarawe ilibaki kofia ya mpiga tarumbeta tu.

"Umeona, Burgi?" Meya alisema jioni, glasi ya mvinyo mkononi. "Hakuna hata kifaranga mmoja aliyetupwa. Ninyi wasomi mnapenda kututisha."

"Kweli, Mheshimiwa," Burgi alijibu, macho chini. "Hakuna hata mmoja."

Suruali yake bado ilikuwa na tope la kijito magotini, na yangu pia. Alfajiri tulikuwa tumewaachia wote chini ya mierebi, kwenye maji matulivu unayoweza kuhesabu mawe yake. Wengine walianza kudonoa mawe kabla hatujatoka majini. Burgi alilia kidogo, kisha akachota ndoo moja ya tope kwa ajili ya sherehe.

"Mwakani," Meya alipaza sauti, "meli mbili!"

Burgi akaniinamia sikioni.

"Basi tutafute ndoo ya pili."