Fimbo ya Mzee Kipsang

Kila Jumamosi Mzee Kipsang alifundisha darasa la ubatizo katika kanisa lao kule Merigi, na hakuenda bila fimbo yake. Ilikuwa ndefu, nyepesi, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Mkewe Rodah ndiye aliyeitoa darini siku Kipsang alipofanywa mzee wa kanisa. Kipsang aliielekeza kwenye Amri Kumi ubaoni na, ikibidi, kwenye kifua cha mwanafunzi. Akiwa nayo mkononi alijiona mtu mzito, na tumbo lake halikumpinga.

Jumamosi moja Kiptum, mchuma chai ambaye angebatizwa mtoni kesho yake, aliingia akiwa amechelewa. Alinuka pombe ya busaa hadi akina mama wa benchi la mbele wakaziba pua kwa leso.

"Toka," Kipsang alisema, akimgusa bega kwa fimbo. "Kanisa si kilabu. Rudi mwaka ujao ukiwa mtu safi."

Kiptum alikuwa akilia. "Mzee, nilikuwa nimeacha, jana ndio nikaanguka. Ukinifukuza, mimi sirudi tena. Najijua." Alishika ncha ya fimbo ili aiondoe begani, akaitazama vizuri, akasahau machozi. "Lakini mzee, si hii ni mrija? Ya kunywa pombe kwa chungu. Babu yangu alikuwa na kama hii."

Kipsang alijua fimbo ina tundu. Siku zote alidhani Mungu ameifanya nyepesi kwa kuuhurumia mkono wa mtumishi wake, na kila Jumamosi alisema, "Asante, Mungu." Sasa alichungulia tundu hilo, na upande wa pili akamwona Rodah mlangoni na ufagio, akijikaza asicheke.

"Mama Nelvine, ulijua?"

"Ni yako, Baba Nelvine. Nilikupatia ukumbuke mahali umetoka. Wewe ukaanza kunyooshea watu."

Yote yakamrudia: chungu katikati, wanaume wamekizunguka, yeye wa kwanza kufika na wa mwisho kubebwa. Hata kanisani humu aliingia mara ya kwanza akiwa amelewa chakari, akifuata harufu ya pilau, akidhani kuna harusi. Aliimba nyimbo za kilabu katikati ya maombi. Hakuna aliyemwambia atoke. Mzee mmoja alisogea tu kwenye benchi, akampa nafasi, kisha akamletea sahani. Na Kipsang huyo huyo leo alijibeba utadhani alizaliwa na Biblia kwapani!

Kipsang alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Aliiweka fimbo sakafuni, akaenda kukaa kwenye benchi la wanafunzi, akasogea.

"Kaa hapa, Kiptum. Kesho tunaingia mtoni pamoja, mimi nitakushika mkono."

Kiptum akakaa. Alinuka vilevile. Kipsang akaivuta harufu ile aliyoijua sana, akasema, "Asante, Mungu," na safari hii alimaanisha.